Jiwe la Katanga, Vihenge vya Ohio: Shajara ya Maonyesho

12 Januari

Jambo la kwanza limekubaliwa: maonyesho yataanzia Shinkolobwe, mgodi wa urani wa Katanga, Kongo, si Ohio. Maelezo mengi ya kiwanda cha Fernald huanza mwaka 1951, Tume ya Nishati ya Atomiki ya Marekani ilipochukua mashamba ya watu yapata kilomita 29 kaskazini-magharibi mwa Cincinnati na kujenga kiwanda cha metali ya urani. Kwa wasomaji wetu, ambao wengi wametoka Likasi, Lubumbashi, Kalemie na Bukavu, kuanzia hapo ni kuikuta hadithi imefika katikati. Jiwe la urani la Shinkolobwe lilikwisha kuvuka bahari kabla kiwanja cha kiwanda hakijapimwa.

Kwa anayeikuta shajara hii leo: tunaandaa mabango ya Kiswahili pamoja na meza yenye mfano wa eneo zima la Fernald, vitakavyozungushwa kwenye kumbi za jumuiya zetu. Usafishaji wa eneo hilo ulitangazwa kukamilika mwaka 2006, na sasa ni hifadhi yenye mabwawa, mbuga za nyasi na njia za miguu. Familia zetu huenda kutembea huko siku za Jumapili. Wanaona bata na kilima kirefu cha majani ambacho hakuna anayeruhusiwa kukipanda. Kilima hicho ndicho kilichotufanya tuanze mradi huu, kwa sababu watoto huuliza ndani kuna nini, na wazazi hawana la kuwajibu.

18 Januari

Bango la kwanza limekaa sawa. Shinkolobwe iko karibu na Likasi, mji ulioitwa Jadotville enzi za Wabelgiji. Mwaka 1915 Mwingereza Robert Rich Sharp, mtafutaji madini wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Wabelgiji, aligundua urani pale. Siku hizo urani haikuwa na soko la maana; kilichotakiwa ni radiamu iliyomo ndani yake, na mawe yalipelekwa Olen, Ubelgiji, kukamuliwa hiyo radiamu. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikaribia kampuni, mkuu wake Edgar Sengier alihamishia New York zaidi ya tani 1,200 za mawe, yakahifadhiwa katika mapipa ya chuma kwenye ghala la Staten Island. Alijaribu kuwadokeza maofisa wa serikali ya Marekani kwamba anacho kitu, hawakumjali. Tarehe 18 Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols wa mradi wa Marekani wa bomu la atomiki alimwendea ofisini, na kabla hajaondoka biashara ilikuwa imeshafungwa.

Kilichowavutia ni utajiri wa jiwe. Machimbo mengi ya Marekani yalitoa mawe yenye oksidi ya urani isiyofikia asilimia moja, ilhali haya ya Katanga yalifika takriban asilimia 65. Jeshi likatuma wahandisi wake kuufufua mgodi uliokuwa umefungwa na kujaa maji. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule wa bomu ikatoka Kongo.

Papa wetu (ndivyo tunavyomwita mzee wetu) wa Likasi, ambaye ndiye mshauri wa mabango haya (na mhakiki asiye na huruma), alisoma rasimu akaitikia kwa kichwa, kisha akasema: "Umeandika Sengier, umeandika Nichols, umeandika Sharp. Wenye kubeba hawana majina?" Tumeongeza aya kuhusu wachimbaji waliotoa jiwe hilo kwa mikono yao. Majina yao hayamo kwenye vitabu tulivyonavyo, basi aya inasema kazi waliyoifanya: kuchimba, kuchagua jiwe jeusi zito, kujaza magunia, kupakia treni ya kwenda pwani.

2 Februari

Kazi ya leo ni jina la kiwanda. Kilisajiliwa kama kituo cha kuzalisha "malighafi za kulishia", kwa maana ya kulisha vinu vya nyuklia kule Hanford na Savannah River, ambavyo vilitengeneza plutoniamu ya mabomu. Mnara wake wa maji ulipakwa miraba myekundu na myeupe, kama nembo ya Purina, kampuni ya chakula cha mifugo. Majirani wengi, wakulima watupu, waliamini miaka na miaka kwamba humo ndani hutengenezwa chakula cha mifugo. Hakuna aliyewadanganya moja kwa moja. Waliachwa waendelee kuamini. Mimi naona hilo ni baya kuliko uongo, lakini wenzangu wamenizuia kuliandika kwenye bango, na labda wana haki, kwa kuwa bango si mahali pa kugombana na wafu.

Takwimu tulizoamua kubaki nazo: kiwanda kilifanya kazi hadi 1989, kilitoa karibu ratili milioni 500 za bidhaa za metali ya urani, yaani zaidi ya tani laki mbili, mwaka 1956 kilikuwa na wafanyakazi karibu 2,900.

9 Februari

Fundi seremala amekuja na mbao za meza. Kipimo chetu ni 1 kwa 1,000, hivyo kihenge, yaani tangi la zege la kuhifadhia taka, chenye kipenyo cha mita 24 kinakuwa na sentimita mbili na nusu hivi. Ametoboa mbao mahali pa vihenge vinne, upande wa magharibi, akachomeka vifuniko vya chupa za soda. Vimeenea kama vile vilikatwa kwa kazi hiyo.

Vihenge hivi ndivyo kiini cha maonyesho. Mawe ya Katanga yalisafishwa kwanza St. Louis, katika kiwanda cha Mallinckrodt, na baadaye hapo hapo Fernald pia. Ukishatoa urani hubaki tope zito lenye radiamu karibu yote ya jiwe la asili. Tope hilo waliliita K-65. Sasa msomaji atauliza, kwa nini walijenga vihenge vya zege kuhifadhi taka badala ya kuzitupa shimoni kama walivyofanya na taka nyingine? Jibu ni mkataba. Wabelgiji waliuza urani tu. Radiamu na madini mengine yenye thamani yaliyobaki kwenye tope yaliendelea kuwa mali yao, na Wamarekani wakawa walinzi wa mzigo wa mtu. Mwenye mali hakuja kuuchukua. Radiamu ilipoteza soko, na vihenge 1 na 2 vikabaki vimejaa tope, vyenye nyufa, kando ya kijito. Kihenge cha 3 kiliwekwa oksidi kavu za metali. Cha 4 hakikutumika kamwe, na fundi ametaka kujua kama akipake rangi tofauti. Tumemwambia akiache kitupu.

Radiamu huoza polepole na kuwa gesi ya radoni. Gesi haizuiliki na zege lenye ufa. Mwaka 1964 walisukumia udongo kuzunguka vihenge ili kuta zisipasuke zaidi. Mwaka 1991 wakamwaga udongo laini wa bentonaiti juu ya tope ili kupunguza gesi inayotoka. Katikati ya hatua hizo mbili kuna miaka 27.

23 Februari

Tumetembelea hifadhi kwa ajili ya kupima ardhi. Kituo cha wageni ni kizuri, wahudumu wana subira, na mtu anaweza kukaa humo nusu siku. Nilichokwenda kutafuta ni Paddys Run, kijito cha upande wa magharibi. Ni kidogo mno kwa umuhimu wake. Chini ya Fernald kuna akiba kubwa ya maji ya ardhini, ile ya bonde la Great Miami, ambayo watu wengi wa eneo hili huitegemea kwa kunywa. Juu yake kuna tabaka la mfinyanzi linaloikinga, lakini kijito kimelila tabaka hilo kwa miaka mingi hadi kufikia kokoto. Maji ya mvua yaliyooshwa kutoka kiwandani yaliteremkia kijitoni, na kutoka kijitoni yakapenya chini. Ndivyo urani ilivyoelekea kusini hadi kwenye visima vya watu.

Kwenye meza, kijito kitachongwa kwa kina kinachoonekana kwa kidole. Nataka mtoto akipitishe kidole pale aelewe kwamba tatizo zima lilipitia kwenye mfereji huo.

8 Machi

Bango la majirani limenichosha kuliko yote, na ndilo ninaloliamini zaidi.

Mwaka 1981 vipimo vilionyesha kwamba visima vya nje ya uzio vina urani. Waliokuwa wakinywa maji hayo hawakuambiwa. Mwishoni mwa 1984 mfumo wa kuchuja vumbi uliharibika, kiasi cha kilo 130 hivi za vumbi la urani iliyorutubishwa kikatoka hewani, na habari zikafika magazetini. Hapo ndipo yakaibuka na mambo ya visima. Lisa Crawford, mama kijana aliyekuwa amepanga nyumba ya shamba ng'ambo ya barabara, alipata kujua kwamba kisima chake ni kimojawapo. Familia yake ilifungua kesi kwa niaba ya majirani wote, naye akawa kiongozi wa kikundi cha wakazi kiitwacho FRESH, kazi aliyoishika kwa miongo miwili na zaidi.

Utetezi wa mkandarasi aliyekiendesha kiwanda kwa niaba ya serikali ulikuwa kwamba alifuata maagizo ya serikali. Oktoba 1988 serikali ikakiri kwamba ilijua. Mwaka 1989 kesi ilimalizwa kwa dola milioni 78, na sehemu ya fedha hizo ikagharimia uchunguzi wa afya ya wakazi ulioendelea hadi 2008. Mwaka huo huo wa 1989 uzalishaji ulisimama na eneo likaingizwa kwenye orodha ya taifa ya maeneo yenye sumu yanayopaswa kusafishwa kwanza.

Dada anayetengeneza picha alitaka bango liwe na mstari mmoja mkubwa juu: kwamba kiwanda kilimwaga hewani takriban kilo 310,000 za urani katika uhai wake. Kadirio hilo ni la utafiti uliofanywa kwa ajili ya CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, na tunaliweka. Lakini nimeomba mstari wa pili upewe herufi za ukubwa ule ule: utafiti huo huo ulikuta kwamba hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu kwa majirani haikutokana na vumbi la urani. Ilitokana na radoni ya vihenge vya K-65. Yaani masalia ya jiwe la Katanga, yaliyowekwa kando yakimsubiri mwenyewe, ndiyo yaliyokuwa yakiwadhuru watu wa Ohio kuliko kazi yenyewe ya kiwanda. Papa aliposikia alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Basi sisi na hawa tulikula sahani moja."

22 Machi

Usafishaji wa vihenge. Hapa nimejiruhusu bango refu.

Mpango wa kwanza ulikuwa kuyeyusha tope na kulifanya kioo. Kwenye karatasi ulipendeza, maana kioo hakivuji na hakichukui nafasi kubwa. Wakajenga tanuri la majaribio. Mwishoni mwa Desemba 1996 kioo kilichoyeyuka kilitoboa sakafu ya tanuri kikamwagika, na mpango wa kioo ukafa. Ikabidi warudi kwenye vitu ambavyo kila mjenzi anavijua: saruji na majivu ya makaa ya mawe.

Tope lilipigwa maji ya kasi ndani ya vihenge, likanyonywa kwenda kwenye matangi mapya, likachanganywa na saruji na majivu, likamiminwa katika makontena ya chuma ya duara. Gesi ya radoni iliyotoka ilipitishwa kwenye vitanda vya mkaa maalumu. Nimelipenda sana hilo. Nusu ya radoni hutoweka kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo mkaa hauna haja ya kuiangamiza. Unaishika tu hadi imejimaliza yenyewe. Radiamu ndiyo subira ya binadamu haiiwezi: nusu yake huchukua miaka 1,600 kutoweka.

Kisha swali la pa kupeleka. Nevada ilikuwa imepangwa kuyapokea; mwaka 2004 jimbo hilo likatishia kwenda mahakamani, mpango ukavunjika. Hatimaye makontena 3,776 yalipakiwa kwenye malori hadi kaunti ya Andrews, magharibi mwa Texas, kwenye eneo la kampuni binafsi. Safari za malori ziliisha 2006. Makontena yakakaa juu ya ardhi yakingoja leseni, ikatolewa 2008, yakazikwa 2009. Huko ndiko lilikoishia jiwe: kutoka Katanga, kupitia Staten Island au bandari nyingine, St. Louis, Ohio, mpaka jangwa la Texas. Si lote, kwa kuwa sehemu nyingine ya K-65 ilipelekwa Lewiston, jimbo la New York, lakini hilo lina maonyesho yake.

29 Machi

Kilima. Wengi wa walioiona rasimu hushtuka wakisikia kwamba taka nyingi, kwa ujazo, hazikwenda popote. Ziko ndani ya kilima kile kirefu: vyumba vinane, karibu kilomita moja kwa urefu, kimo chake kikifika mita 20, na ndani yake zaidi ya mita za ujazo milioni mbili za udongo na vifusi. Kilichoruhusiwa kuingia kilitakiwa kisizidi miligramu 1,030 za urani kwa kilo, kilichozidi kilisafirishwa. Mashimo ya taka yalichimbuliwa, yakakaushwa, yakapakiwa kwenye treni zaidi ya 150 kwenda Utah.

Aliyeamua nani? Nilitarajia kukuta saini ya ofisa wa Washington. Nimekuta kamati ya wakazi iliyoundwa 1993 chini ya mwanasheria John Applegate, ikiwa na majirani, wafanyakazi na viongozi wa mitaa. Waliwekewa mchezo wa mezani uitwao FutureSite, wenye ramani ya eneo na vibao vya kupangwa, ili waone kwa macho yao kila uamuzi unaleta mzigo gani. Ukitaka udongo uwe safi kiasi cha mtu kujenga nyumba na kulima, vibao vya taka vinarundikana hadi unashindwa pa kuviweka. Wakazi wakaamua: kikali kiende mbali, hafifu kibaki kwenye kilima upande wa mashariki ambako mfinyanzi ni mnene, na pasijengwe nyumba tena. Makadirio ya mwanzo yalipita dola bilioni 12. Kazi ikaisha kwa bilioni 4.4.

Mama mmoja kwenye kikao chetu hakuridhika. "Mtu unakubalije taka zikae mlangoni kwako?" Nilimjibu kadiri nilivyoelewa: walijua kwamba mji mwingine nao una mama kama yeye. Hakukubaliana nami, na bango limeandikwa ili abaki na nafasi ya kutokubaliana.

Maji bado yanavutwa kutoka visimani na kusafishwa kufikia mikrogramu 30 za urani kwa lita. Ofisi inayosimamia urithi wa maeneo haya katika Wizara ya Nishati ya Marekani hutoa ripoti ya vipimo kila mwaka, na yeyote anaweza kuisoma.

12 Aprili

Papa amesoma mabango yote mfululizo kwa mara ya kwanza. Swali lake lilikuwa nililolingoja: "Mwanangu, hapa wanapima maji, kule Texas wanajua kila pipa fasi linalala. Na kule kwetu?"

Yanayojulikana ni haya. Mwaka 1960, uhuru ulipokaribia, mgodi ulifungwa na mashimo yakazibwa kwa zege. Watu walirudi baadaye kwa mikono yao kutafuta kobalti na shaba, wakichimba katika mawe yale yale yenye urani. Januari 2004 rais alipiga marufuku uchimbaji huo kwa amri. Julai mwaka huo sehemu ya mgodi ikaporomoka na kuua watu. Ujumbe wa Umoja wa Mataifa ukaenda kukagua miezi michache baadaye na kuonya kwamba mashimo yanaweza kuporomoka tena. Hakukuwa na kamati ya wakazi yenye ramani na vibao mezani. Wala bilioni 4.4.

Nimeanza kuandika aya ya kulaumu, nikaiondoa. Ukweli ukiwekwa sambamba unatosha. Kwa hiyo bango la mwisho litakuwa jedwali lenye sehemu tatu, Shinkolobwe, Fernald na Andrews, na maswali yale yale kwa kila moja: kuna nini, nani anapima, majirani wanapewaje habari. Kwa Fernald na Andrews majibu yanajaa. Kwa Shinkolobwe tunaandika 1960 na 2004, na chini yake tunaacha nafasi.

Kijana kutoka Songea, ambaye nyumbani kwao si mbali sana na Namtumbo, ameomba maswali hayo matatu yachapwe pia kwenye kikaratasi cha kuchukua. Anasema urani ya Mto Mkuju inazungumzwa sana kwao, na angependa ndugu zake wawe nayo mfukoni siku ya mkutano wa kijiji. Limepita bila kupingwa.

26 Aprili

Meza imekatwa vipande viwili ili ipite milangoni. Ufa unapita kaskazini mwa vihenge, hauonekani sana. Fundi ameongeza ubao wa pembeni wa Shinkolobwe kwa kipimo kile kile cha 1 kwa 1,000, bila majengo. Sauti ya Papa imerekodiwa kwa Kiswahili cha Katanga kwa ajili ya bango la kwanza, na tumekataa pendekezo la kuisanifisha.

Mabango yanakwenda kwa mchapaji wiki ijayo. Ile nafasi iliyoachwa kwenye jedwali itachapwa nyeupe kabisa, karatasi inayokubali wino, ili wageni waliotoka Likasi na vijiji vya jirani waandike walichokiona kwa macho yao na mwaka waliokiona. Kila karatasi itakayojaa tutaipiga picha na kubandika mpya. Kalamu zitafungwa kwa kamba, maana kumbi zetu tunazijua.